Damu Isiyoitika

Frederiksberg, 13 Februari

Mama mpendwa,

Hujambo? Vidole vinakuruhusu kushika kikombe asubuhi, au bado unakikumbatia kwa viganja viwili? Mimi ni mzima, sina la kulalamika isipokuwa moja, na hilo nitakueleza. Nashukuru sana kwa sikukuu yako ya kuzaliwa. Tangu niondoke nyumbani sijala keki yenye tabaka nyingi kiasi kile, na bendera iliyopandishwa uani kwa ajili yako ilinitoa machozi hata kabla sijazima gari. Miaka sitini, Mama! Na bado unawatisha madereva wa lori.

Barua hii naiweka chini ya kifuniko cha sanduku la baridi linaloniletea damu ya nguruwe wako, ili dereva akilirudisha tupu uikute. Najua wewe na simu ni paka na panya. Sanduku nimelifuta kwa spiriti ndani na nje, kwa hiyo usilikague kana kwamba limetoka jalalani.

Mezani uliniuliza mbele ya wageni kama kweli nalipwa kwa kuitazama damu ikitembea. Ndiyo, nalipwa. Nguruwe akiingiwa na mdudu, mwili wake hutoa protini ndogo, kemokini, kazi yake ni kuziita seli nyeupe za damu zije pale penye shida. Sisi hatuitoi kwa nguruwe. Tunachukua maelekezo yake katika jeni za nguruwe, tunawapa bakteria, na wao wanatutengenezea. Inafika katika kichupa, unga kidogo mno hata macho hayauoni. Naichanganya na maji ya chumvi, naiweka chini ya chujio lenye vitundu, juu yake naweka seli za damu. Baada ya saa moja nahesabu ngapi zimepita. Ya binadamu tumeijaribu, lakini seli za nguruwe huisikia vizuri zaidi sauti ya kwao.

Sasa lalamiko langu. Januari damu yako ilikuwa ya kwanza kukimbia. Wiki hii ile aliyochota daktari Gitte kwa nguruwe wako haisogei. Seli zimekaa juu ya chujio kama wageni waliokataa kuvua makoti. Hata damu niliyochota kichinjioni Ijumaa ile alfajiri, ambako hujui nani mzima nani mgonjwa, ilisogea kidogo.

Mimi namshuku Jeppe. Ni mwenzangu wa meza ya pili, mpole kupita kiasi, na anajua kwamba ifikapo vuli nafasi itabaki moja kati yetu. Protini hii ukiiyeyusha na kuigandisha mara mbili, imekufa. Kila Jumatatu nakuta vichupa vyangu vimehama mahali katika friza. Namwuliza, anasema, "Vipi, Sidsel, vina miguu?" Basi nimebandika unywele wangu mmoja juu ya kila kifuniko. Akifungua, nitajua.

Usimwambie mtu. Msalimie Ionel huko bandani, na mkewe Doina.

Mwanao,
Sidsel


Karibu na Holstebro, 20 Februari

Sidsel mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mimi nakurudishia zangu. Sijambo. Vidole vinaniuma mvua ikikaribia, na huku mvua haijui kuondoka. Unakula? Mezani ulionekana umekonda, shangazi yako aliona pia, na yeye huwa haoni kitu mpaka kimwangukie mguuni.

Nimesoma habari ya kuita kwako nikacheka peke yangu jikoni. Miaka thelathini na tano nimeita nguruwe kwa kugonga ndoo, na sikuhitaji bakteria. Lakini nikwambie kitu ambacho huenda vitabu vyako havikukuambia: nguruwe asiyekuja kwenye ndoo ama ameshiba kwingine, ama anaumwa. Ndoo haina kosa. Wewe unaitazama ndoo tu.

Kuhusu huyo Jeppe, umefanya vizuri kuweka unywele. Wasiwasi ndio akili. Mtu mpole kupita kiasi ana kitu anachokipooza.

Na mimi nina mtu wangu wa kumtazama. Ionel. Tangu arudi kutoka kwao Rumania mwisho wa Januari si yule. Zamani alikuwa akiimba akipeleka chakula, sasa kimya. Nikiingia bandani ananitazama kama anataka kusema, halafu anachukua ufagio. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya daftari la mlangoni, analisoma. Analisoma kwa nini? Daftari lile ni la anayeingia kuandika saa aliyooga na siku tangu amguse nguruwe wa nje, si gazeti. Nikamwuliza, "Unatafuta nini humo?" Akasema, "Hakuna kitu, Inger." Mtu akisema hakuna kitu, kipo.

Kwao kila nyumba ina nguruwe wawili watatu uani, wanachinja wenyewe, wanashikana mikono bila kunawa. Doina aliniletea sahani ya soseji ya kwao siku ya sikukuu, nikaila yote nikaomba nyingine. Sasa zilizobaki nimezifungia kwenye friza, huenda zikawa ushahidi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia, na nguo za Ionel nafua mimi kwa mashine yangu.

Yule nguruwe jike 417 anaendelea vizuri na watoto wake kumi na watatu. Bila mkono wako mwembamba wangekufa wote na mama yao. Gitte amemchota damu tena pamoja na wale wa safu yake, imo sandukuni. Ihesabu vizuri.

Mama


Frederiksberg, 27 Februari

Mama mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na vidole vimetulia. Kula nakula. Mkate mweusi na samaki wa kopo ni chakula pia, mwambie shangazi.

Nywele ziko palepale. Zote saba. Jeppe hakufungua kichupa hata kimoja. Sijaridhika, maana mwenye akili ya kuharibu ana akili ya kuurudisha unywele, lakini nimeamua kumweka kando kidogo. Nilifungua kichupa kipya kabisa. Nilikizungusha kwanza kwenye mashine ili ule unga usibaki kwenye kifuniko, nikakigawa, nikaanza upya. Upande mmoja damu ya shamba moja la kisiwa cha Fyn, upande wa pili damu yako. Kemokini ileile, chujio lilelile, mkono uleule.

Za Fyn zilikimbia. Nilihesabu mpaka macho yakaniuma. Zako hazikusogea, na mbaya zaidi ni za 417.

Mama, ulisema kweli kuhusu ndoo. Seli nyeupe ikishaitwa kwa nguvu mahali fulani mwilini, hufunga masikio yake kwa muda. Ukiiita tena haisikii. Hazijafa. Nimezitia rangi, ziko hai kabisa. Zimekwisha itwa na kitu kingine kabla yangu. Nguruwe wako wana mdudu ndani, hata kama hawakohoi bado, hata kama wanamaliza chakula.

Nakuomba Gitte awapime mapafu wiki hii. Usingoje. Bi Lisbet, mkuu wetu, ameshaona namba zangu na ameniuliza ni shamba gani. Nikamwambia ni la mamangu. Akasema, "Basi mwandikie leo."

Nani aliingia? Banda lako limekuwa safi tangu kabla sijazaliwa. Hakuna banda jingine karibu ambalo upepo ungemtoa mdudu huyu, ameletwa na mtu: kwa viatu, kwa nguo, kwa nywele. Umesema Ionel alikuwa anasoma daftari. Labda alikuwa anatafuta jinsi ya kurekebisha mstari wake. Sipendi kuandika hivi, Doina alinifundisha kusuka nilipokuwa nimevunjika mguu. Lakini litazame daftari, Mama.

Mwanao,
Sidsel


Karibu na Holstebro, 12 Machi

Sidsel,

Nakusalimu. Afya yangu iache, leo haina umuhimu.

Barua yako nilipoisoma nilikasirika nikaitupa kwenye kapu la kuni. Mtoto niliyemlea kwa nguruwe hawahawa ananiambia nguruwe wangu ni wagonjwa kwa sababu ya kuhesabu vitone kwenye chujio! Nikaiokota baadaye, maana jioni ileile watoto wa 417 walianza kukohoa. Kikohozi kikavu, wawili watatu, halafu safu nzima. Gitte alikuja, akapima. Mdudu wa mapafu. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo sikuficha: nimewapigia wote wanaonunua nguruwe wangu wa kuzalisha. Cheti cha banda safi kimeondolewa. Miaka ishirini na tisa, Sidsel. Baba yako alikitia kwenye fremu.

Daftari nimelitazama. Katika siku zile walioingia ni watatu tu. Gitte, ambaye huoga mpaka ngozi inang'oka na hakuwa amegusa nguruwe wengine siku tano. Wewe, usiku wa sikukuu yangu, umeandika siku tatu tangu kumgusa nguruwe wa mwisho. Na Ionel, karudi kutoka kwao tarehe 28 Januari, kaandika siku mbili. Sheria yangu ni siku nzima moja, kwa hiyo kwa maandishi hana kosa. Lakini nani alikwenda Rumania kuhesabu siku zake? Nimemwuliza uso kwa uso, "Ulimshika nguruwe kwenu siku ya mwisho?" Akasema hapana. "Soseji ilitoka wapi?" Akasema kwa mama yake, Desemba. Nikamwambia simwamini. Hakubisha. Alisema maneno matatu tu: "Soma daftari vizuri."

Nimempa mpaka mwisho wa mwezi aondoke, yeye na Doina, na ile nyumba ndogo waiache. Binti yao atamaliza muhula huko watakakokwenda. Chama cha wafanyakazi kinasema siwezi kumfukuza kwa tuhuma tu, kinataka ushahidi. Basi wewe ni mtaalamu. Niandikie karatasi yenye muhuri wa maabara kwamba mdudu huyu aliingia siku zile na kwamba aliyemleta ni yeye. Wewe ndiye uliyemgundua, neno lako litasikilizwa.

Iweke sandukuni wiki ijayo.

Mama


Karibu na Holstebro, 26 Machi

Sidsel mwanangu,

Hujambo? Sanduku la wiki iliyopita lilikuja tupu. Nikaliinua, nikalitikisa, nikachungulia chini ya barafu. La leo pia tupu. Nilimwuliza dereva kama amekuona, akasema alikuona, ulikuwa mzima, hukumtazama machoni. Wewe? Ambaye ulikuwa ukimpa dereva biskuti?

Umekasirika na mimi? Sema. Au Bi Lisbet amekukataza? Mtu anayenyamaza ghafla humfanya mwenzake ahesabu vidole vyake. Naanza kukutilia shaka hata wewe, na hilo silitaki.

Nimesoma daftari vizuri kama alivyosema yule. Kuna kitu. Usiku wa sikukuu, Ionel alitoka bandani kuja kutuita, kwa hiyo ilimbidi aoge tena ndipo aingie. Akaandika saa ya kuoga: kumi na mbili na dakika arobaini. Chini yake umeandika wewe, kumi na mbili na dakika arobaini. Bafu ni moja, Sidsel. Hawaingii watu wawili, hata sabuni ikiingia mtu anatoka. Kwa hiyo mmoja hakuoga, naye ni yeye. Amejifunga kwa kamba yake mwenyewe. Sasa na hilo liandike kwenye karatasi.

Zimebaki siku tano. Doina ameanza kufunga vyombo kwa magazeti. Jana alinirudishia sahani yangu ya keki, imeoshwa, na hakuingia ndani.

Mama


Frederiksberg, 2 Aprili

Mama mpendwa,

Sijui kama nikuulize hujambo. Nakuuliza. Natumaini unapoisoma hii umekaa.

Sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu ulipoomba ile karatasi nilitaka iwe ya kweli. Katika friza yetu kuna vipande vya mapafu nilivyochukua kichinjioni, kwa nguruwe wa banda la watu wengine kabisa, siku niliyochota ile damu. Daktari Gitte alituletea mdudu aliyetoka kwa watoto wa 417. Nikataka kuonyesha kwamba mdudu wako hafanani na yeyote wa hapa Denmark, ametoka mbali, ametoka kwa Ionel. Nilimwomba Jeppe alinganishe, maana mashine hiyo anaijua yeye. Alikaa nayo siku mbili. Akaja mezani kwangu na karatasi, akaiweka, akasema, "Wako na wa kichinjioni ni mapacha, Sidsel. Hakuna tofauti hata moja." Halafu akaniuliza taratibu, "Siku ile ulikwenda wapi ukitoka kichinjioni?"

Nilikuja kwako, Mama.

Nilikuwa kichinjioni Ijumaa alfajiri, ya tarehe mbili Februari, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya nguruwe wa watu. Saa kumi na moja jioni nilikuwa uani kwako natazama bendera ikishushwa. Saa kumi na mbili na nusu Ionel alikuja mlangoni akasema 417 amekwama, mkono wake ni mkubwa mno, na wako hauwezi. Ukaniambia, "Nenda wewe, una mkono mwembamba." Hukuniuliza nilipotoka. Kule mlangoni niliichukua kalamu, nikaona safu ya mwisho: mara ya mwisho kugusa nguruwe. Ningeandika ukweli ungenirudisha kwenye keki na 417 angekufa. Niliandika siku tatu. Ionel alikuwa anatoka bafuni, nywele zinachuruzika. Mimi sikuoga. Nilivaa ovaroli na buti, nikanawa mpaka viwikoni, nikanakili saa yake.

Alikuwa ananishikia taa saa nzima. Aliona nywele zangu kavu. Amejua tangu usiku ule, na hakusema.

Nilijiambia kunawa kunatosha. Na cha aibu kuliko vyote ni kwamba nilimbandikia mwenzangu nywele kwenye vichupa, na huku mimi ndiye. Unajua Jeppe alikuwa anavihamisha kwa nini? Karibu na mlango wa friza kuna joto. Alikuwa anavisogeza nyuma ili visiharibike.

Karatasi uliyoomba nimeiambatanisha. Ina muhuri wa maabara na sahihi ya Bi Lisbet, na jina lililomo ni langu. Ionel hana kosa. Mpe leo, kama bado hawajaondoka.

Sasa nina swali moja, Mama, na nisamehe kwa kukuuliza. Barua yangu ya kwanza unayo. Niliandika mwenyewe kwamba nilikuwa kichinjioni Ijumaa ile alfajiri. Ijumaa ile ilikuwa siku yako ya kuzaliwa. Wewe hujawahi kusahau tarehe ya nguruwe yeyote aliyezaa tangu mwaka wa tisini. Ulisoma sentensi ile na hukuona?

Mwanao,
Sidsel


Karibu na Holstebro, 28 Mei

Sidsel mwanangu,

Nakutumia kwa posta kwa sababu sanduku haliji tena, hapana damu ya kuchota. Nguruwe wote wameondoka. Lori la mwisho lilikuja tarehe tisa ya mwezi huu, 417 akiwemo. Alipanda mwenyewe bila kusukumwa, nilimgongea ndoo. Tangu siku ile banda linaoshwa na kukaushwa. Nina afya, vidole vinauma kwa kukosa kazi.

Barua zako nne za Aprili nilizipata. Sikujibu. Ulidhani nimekufa ukamtuma shangazi yako, akanikuta napanda viazi.

Nakujibu sasa lile swali. Niliona. Nilisoma sentensi yako siku ileile ya Februari, nikasimama jikoni na kahawa ikapoa. Nikaikunja barua nikaiweka chini ya kopo la kahawa, na nikaanza kumtazama Ionel. Unanielewa? Sikumtazama kabla ya hapo. Ile habari ya kwamba haimbi, ya kwamba ananitazama, yote niliianza siku ile, baada ya kusoma. Nilikuomba ile karatasi kwa sababu nilidhani ukiandika wewe, mtaalamu, basi nitaamini na mimi. Damu nzito kuliko maji. Nimeisema methali hiyo maishani mwangu mara mia bila kujua ni mbaya kiasi gani.

Karatasi yako ilifika wakiwa wamekwisha ondoka siku mbili. Nyumba ndogo ilikuwa imesuguliwa, ufunguo juu ya meza, buti zake nne zimening'inizwa kichwa chini zikauke. Nikakaa nayo, Sidsel. Siku kumi, siku ishirini, zaidi ya mwezi. Kila asubuhi nilisema leo. Halafu lori la mwisho likaja, na lilipoondoka sikuwa tena na kitu cha kulinda.

Nikamtafuta. Anafanya kazi shamba moja huko kaskazini, upande wa Thisted, banda safi, wanamsifu. Nilikwenda na gari asubuhi tarehe kumi, siku moja baada ya lori. Mlangoni wana daftari kama letu, kamba na kalamu. Binti mmoja akaniambia Ionel yuko ndani, niandike, nioge, nitamkuta kwenye safu ya pili. Nikaichukua kalamu. Mara ya mwisho kugusa nguruwe: jana. Nilisimama pale na karatasi yako mfukoni, nikafikiri, nikiandika siku tatu nitaingia, nitamwomba msamaha mbele ya wenzake, nitarudi nyumbani nimetua mzigo. Nilikuwa nimeoga mara mbili. Nani angejua?

Hapo ndipo nilipokuelewa, na ndipo nilipokukasirikia kuliko siku zote.

Niliandika jana. Yule binti akasoma, akaniomba radhi, akaufunga mlango. Nikakaa kwenye gari barabarani mpaka saa kumi. Alitoka na wenzake, nywele zimelowa. Aliponiona alisimama. Nikampa karatasi kupitia dirishani, sikushuka, sikuthubutu kukanyaga uwanja wao. Aliisoma mpaka chini, akairudia. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Nilikuambia usome daftari. Mtoto wa mtu nisingemsema kwa mama yake, Inger. Nilitaka uone mwenyewe." Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nyumba ndogo ni yao, nguruwe wapya wanakuja Septemba. Akakunja karatasi akaitia mfukoni. Akauliza, "417 yuko wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akawafuata wenzake.

Hatarudi. Doina amepata kazi ya jikoni kwenye shule ya huko, na binti yao ana marafiki. Nimempelekea soseji zake zilizobaki friza, nilizoziita ushahidi.

Njoo Jumamosi. Hakuna nguruwe, hakuna karantini, njoo na nywele zako kama zilivyo. Lakini daftari bado linaning'inia mlangoni. Wale wa cheti walitaka kurasa za Februari, nikawaambia wangoje kidogo. Mstari wako sijaugusa, bado unasema siku tatu. Kalamu iko palepale, nimeijaribu inaandika. Siwezi kukuandikia mimi.

Mama